Chhau na Chaitra Parva: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ngoma ya vita ya mashariki mwa India

Nilisoma Kolkata, na kuanzia mwaka wa pili nikawa napanda treni kila mwezi wa nne kwenda kutazama Chhau. Ndugu na marafiki walioko India kwa masomo au matibabu, na wengine walioko nyumbani, huniuliza mambo yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mengi ya kusemwa, mengine kwa sentensi mbili tatu yametosha.

Chhau ni ngoma gani?

Ni ngoma ya eneo ambako majimbo matatu ya mashariki mwa India yanapakana: Jharkhand, Odisha na West Bengal. Hutamkwa "chau". Miondoko yake imetokana na mazoezi ya upanga na ngao, na visa vyake hutoka kwenye tenzi kuu za Kihindi, Mahabharata na Ramayana, na pia kwenye maisha ya kila siku ya watu wa huko: mwindaji porini, mwenye mtumbwi mtoni, tausi anayecheza mvua ikikaribia. Mchezaji hasemi neno. Katika mitindo miwili kati ya mitatu hata uso wake huuoni, maana amevaa kinyago. Kila anachotaka kukwambia anakisema kwa miguu, kiwiliwili na shingo.

Novemba 2010 UNESCO iliiingiza Chhau kwenye Orodha Wakilishi ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika wa Binadamu. Wengi hawajui kwamba kikao kilichopitisha uamuzi huo kilikaa Nairobi. Kwa hiyo Chhau ilitambuliwa na dunia nzima hapa hapa Afrika Mashariki.

Jina lenyewe lina maana gani?

Wataalamu hawajakubaliana. Kuna wanaolitoa kwenye neno la Kisanskriti *chhaya*, yaani kivuli. Kuna wanaosema ni *chhadma*, kujigeuza sura. Wengine wanalitoa kwenye *chhauni*, kambi ya askari. Mimi naegemea hili la tatu. Sina ushahidi wa kiisimu, ila ukiwaona vijana wakifanya mazoezi alfajiri, kabla hata hujaona kinyago wala vazi, unachokiona mbele yako ni kambi.

Chaitra Parva ni nini, na huwa lini?

Chaitra ni mwezi wa mwisho wa mwaka katika kalenda inayotumika upande huo, na *parva* ni sikukuu. Ni siku za kufunga mwaka kwa ibada ya mungu Shiva na mungu wa kike Shakti, na kilele chake ni siku jua linapoingia nyota ya Kondoo, ambayo huangukia tarehe 13 au 14 Aprili. Kwa watu wa Odisha ndiyo siku ya mwaka mpya.

Katika mji wa Seraikela, Jharkhand, sikukuu huanza siku kadhaa kabla kwa maandamano ya mitungi. Mja aliyefunga na kujitakasa hubeba mtungi wa maji kutoka mto Kharkai, usiku, ngoma zikimsindikiza mjini hadi hekaluni. Kila usiku una mtungi wake na jina lake; wa mwisho ni mtungi mweusi wa mungu wa kike Kali. Huko Baripada, makao makuu ya wilaya ya Mayurbhanj katika jimbo la Odisha, ngoma huchezwa usiku tatu mfululizo kufikia kilele hicho. Upande wa Purulia, West Bengal, hakuna uwanja mmoja mkuu. Vijiji hualikana, na msimu huendelea tangu Aprili mpaka mvua za masika yao zinapokaribia mwezi wa sita.

Kwa hiyo mtu akikwambia "nenda tamasha la Chhau", muulize kwanza: la wapi?

Kwa nini inaitwa ngoma ya vita?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na ndilo ninalopenda kulijibu.

Falme ndogo za eneo hili zilikuwa na askari wa miguu walioitwa *paika*. Hawakuwa askari wa mshahara wa kila mwezi. Walikuwa wakulima waliopewa ardhi, na vita vikitokea wakaacha jembe na kushika upanga. Mtu wa namna hiyo lazima afanye mazoezi, na mazoezi hayo yalifanyika kwenye uwanja unaoitwa *akhada*, pembeni ya kijiji au kando ya mto. Seraikela mazoezi ya msingi huitwa *parikhanda*: *pari* ni ngao, *khanda* ni upanga. Hadi leo anayejifunza Chhau huko huanzia hapo. Anasimama magoti yamekunjwa, upanga mkono wa kulia, ngao wa kushoto, anasogea, anakinga, anageuka, anashambulia, polepole sana kwanza, halafu kasi inaongezwa mara mbili, mara nne. Wakishaiva, upanga na ngao huwekwa chini, na miondoko ile ile inabaki mwilini. Mkono uliokuwa na ngao sasa ni bawa la tausi, na hatua ya kukwepa pigo ni wimbi la mto.

Mtu wa Lamu aliyekulia kwenye kirumbizi ataelewa haraka. Fimbo ni silaha, duara ni ulingo, lakini aliyekuja kutazama amekuja kuona madaha. Tofauti ni kwamba Chhau imesafiri mbali zaidi ya pambano, mpaka ikaweza kusimulia huzuni.

Mazoezi yana ngazi. Baada ya silaha, huja mienendo ya wanyama na ndege, halafu kazi za nyumbani. Ndiyo, kazi za nyumbani. Huko Mayurbhanj kuna miondoko 36 inayoitwa *ufli*, na mingi imechukuliwa kwa mwanamke wa kijijini tangu anapoamka: kunyunyiza uani maji yenye samadi, kupeta mchele kwa ungo, kusugua vyombo, kusaga manjano kwenye jiwe, kuchana nywele na kupasua njia katikati. Mingine ni ya wanyama, kama kulungu anavyoruka na chui milia anavyokunywa maji. Mguu ndio unaofanya yote hayo. Mchezaji anasimama kwa mguu mmoja, goti limekunjwa, na mguu wa pili unapeta mchele hewani. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa "kusaga manjano" nilimkumbuka bibi yangu papo hapo, maana wayo ulikuwa ukienda na kurudi kwa uzito ule ule wa kiganja chake juu ya jiwe.

Askari waliokuwa wakulima walichukua walichokijua kwa miili yao, vita na nyumba, wakavisuka pamoja. Sijui ngoma nyingine ninayoweza kuitazama na kuona upanga na ungo katika mguu mmoja.

Mitindo mitatu inatofautianaje?

Seraikela ni ya kinyago, na ni ya upole. Kinyago ni laini, rangi zilizopoa, macho marefu yaliyofumbwa nusu, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Mchezo mmoja huchukua dakika saba hadi kumi tu, kwa kuwa ndani ya kinyago pumzi ni ya shida. Huchezwa na mtu mmoja au wawili. Iliyonigusa zaidi ni ya mwenye mtumbwi na mkewe wakivushwa na dhoruba: watu wawili juu ya ardhi kavu, kasia moja, na bado unaliona wimbi likiwainua na kuwashusha. Jambo la pekee la Seraikela ni kwamba wafalme hawakuwa wafadhili tu, walicheza wenyewe. Ndani ya kinyago hakuna anayejua kama huyu ni mwana wa mfalme au mwana wa mfinyanzi. Kumar Bijay Pratap Singh Deo, wa ukoo huo wa kifalme, ndiye anayesifiwa kwa kuipanga upya ngoma hii mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1938 kundi la Seraikela lilizuru Ulaya.

Mayurbhanj haina kinyago, ila uso haupewi kazi. Unatulizwa mpaka unakaribia kuwa kinyago wenyewe. Hii ndiyo inayoonyesha vita waziwazi. Makundi makubwa huingia na mikuki, panga na ngao, na kila mchezo huanza taratibu na kumalizikia kwa kasi inayowafanya watazamaji wainuke. Kabla yake kulikuwa na ngoma ya vita iitwayo *rukmar nacha*, ya kujihami na kushambulia. Januari 1912 wachezaji wa Mayurbhanj walicheza Kolkata mbele ya Mfalme George V wa Uingereza. Baripada kuna makundi mawili ya jadi, Uttar Sahi na Dakshin Sahi, maana yake Mtaa wa Kaskazini na Mtaa wa Kusini, na ushindani wao ndio uhai wa sikukuu. Waliosimuliwa na wazee wa Tanga habari za beni, Marini dhidi ya Arinoti, watauelewa moyo wa ushindani huo bila kufundishwa.

Purulia ni moto. Vinyago vikubwa, vyenye taji la manyoya, shanga na nyuzi za kumetameta, vinaweza kuwa vipana kuliko mabega ya mchezaji. Wanaruka, wanajizungusha hewani, wanatua kwa magoti juu ya ardhi iliyokauka, na wanainuka kabla hujashangaa. Usiku hufunguliwa na Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, kisha huja vita: mungu wa kike Durga na simba wake wakimwua Mahishasura, zimwi la nyati, simba huyo ni watu wawili ndani ya ngozi moja. Mwimbaji wa *jhumur*, nyimbo za kienyeji za huko, humtambulisha kila anayeingia. Mpigaji wa *dhol* hakai mahali pamoja. Humfuata mchezaji hadi usoni, akimpigia na kumchochea, na mchezaji hujibu kwa kutikisa mabega mpaka taji zima linatetemeka.

Ukiniuliza upi ni bora, nitakwambia anza na Purulia, kwa sababu haihitaji maelezo. Halafu nenda Seraikela ukiwa umetulia.

Muziki wake ukoje?

Utasikia zumari na ngoma, na sauti haitakuwa ngeni kabisa kwa mtu wa pwani. Zumari huitwa *mohuri* au *shehnai*. *Dhol* ni ngoma ya pande mbili inayovaliwa shingoni. *Dhumsa* ni ngoma kubwa yenye umbo la chungu, inayokaa chini na kupigwa kwa magongo mawili mazito, na sauti yake huisikii kwa masikio kwanza, unaisikia kifuani. Kijiji cha jirani nacho kinaisikia, na ndivyo watu wanavyojua kumeanza.

Wapigaji wengi hutoka koo za watu waliodharauliwa kwa muda mrefu katika mpangilio wa matabaka ya Kihindi, na hao hao ndio waundaji wa ala. Bila wao hakuna Chhau. Majina yao hayatangazwi mara nyingi kama ya wachezaji, na hilo linaniuma.

Vinyago hutengenezwaje?

Nenda Charida. Ni kijiji cha wilaya ya Purulia, chini ya milima ya Ajodhya, na barabara yake kuu imejaa karakana huku na huku. Mafundi ni wa ukoo wa Sutradhar. Nilikaa siku nzima kwenye baraza la fundi mmoja, na nitaeleza nilichokiona.

Kwanza aliufinyanga uso kwa udongo juu ya kibao, akauacha ukauke kidogo, kisha akaupaka majivu laini ili utakachoweka juu yake kisigande. Akachukua vipande vya makaratasi ya zamani, magazeti na kurasa za daftari za watoto, akavichovya kwenye gundi ya unga na kuvibandika, tabaka juu ya tabaka. Nilihesabu nane nikaacha. Juu yake akapaka udongo mwepesi kama uji, halafu kitambaa chembamba kilichochakaa, halafu udongo tena. Kisha ikaja kazi ya kifaa kimoja kidogo cha mti, chenye ncha bapa. Kwa kifaa hicho alisugua, akabonyeza, akachora upya pua, midomo na kope, kwa sababu matabaka yote yale yalikuwa yameuziba uso. Kilipokauka, akakibandua kwenye udongo wa ndani, na mkononi mwake kukawa na uso mwepesi kama ganda la yai. Baadaye huja rangi nyeupe ya msingi, kisha rangi ya mhusika, na macho hutobolewa mwishoni. Mkewe na binti yao walikuwa upande wa pili wakishona shanga na manyoya ya taji. Kazi yao ilichukua muda mrefu kuliko ya uso.

Kila mhusika ana rangi na alama zake, kwa hiyo mtu wa kijijini humtambua kabla hajatajwa. Mwaka 2018 kinyago cha Purulia kilipewa hati ya kijiografia nchini India, maana yake jina hilo linalindwa kisheria kwa bidhaa ya eneo hilo tu. Vinyago vya Seraikela ni kazi tofauti, ya koo nyingine, kama Mahapatra.

Nani hucheza? Ni watu wa kulipwa?

Wengi ni wakulima na vibarua. Msimu wa sikukuu unakuja baada ya mavuno na kabla ya mvua, wakati mashamba yamelala. Mwenzangu wa safari aliwahi kumshangilia usiku kucha mchezaji wa Durga, na asubuhi tukamkuta kijana huyo huyo anabeba matofali.

Falme zilipokwisha, ufadhili nao ukayumba. Seraikela iliunganishwa na Bihar mwaka 1948 na Mayurbhanj na Orissa (jina la zamani la Odisha) mwaka 1949. Jharkhand ilizaliwa kutoka Bihar mwaka 2000. Leo kuna kituo cha serikali cha Chhau huko Seraikela, na Sangeet Natak Akademi, chuo cha taifa cha sanaa za maonyesho, hutoa mafunzo na tuzo. Waalimu kadhaa wametunukiwa Padma Shri, nishani ya heshima ya taifa: Gambhir Singh Mura wa Purulia mwaka 1981, na wa Seraikela kama Kedar Nath Sahoo mwaka 2005 na Shashadhar Acharya mwaka 2020. Mwaka 2024 Nepal Sutradhar, fundi wa vinyago wa Charida, alitunukiwa akiwa ameshafariki. Ukiingia Charida utaikuta sanamu ya Gambhir Singh Mura. Mtu aliyetoka katika umaskini alifanya Purulia ijulikane nje ya India, na mzee yeyote pale atakueleza alivyoruka.

Nishani ni jambo jema. Hata hivyo kundi la kijijini linaishi kwa mialiko, na mwaliko hulipa nauli, chakula na kidogo cha kugawana. Ukialikwa kuchangia, changia.

Wanawake wanaruhusiwa?

Kwa jadi ilikuwa ya wanaume, nao ndio waliocheza hata wahusika wa kike. Hali imebadilika. Ileana Citaristi, mzaliwa wa Italia, alijifunza Chhau ya Mayurbhanj pamoja na ngoma ya Odissi na akapewa Padma Shri mwaka 2006. Huko Purulia sasa kuna makundi ya wasichana watupu, wanaovaa vinyago vizito vile vile na kutua kwa magoti vile vile. Mimi nimeona kundi moja. Wazee waliokaa mbele yangu walikuwa kimya kwa mchezo wa kwanza, na katika wa pili walianza kupiga kelele za kushangilia kama kwa kundi lingine lolote.

Mimi ni Mwislamu au Mkristo. Naweza kuhudhuria?

Unaweza. Uwanjani pa ngoma ni pa wote, na hakuna atakayekuuliza dini. Ila tambua kwamba Chaitra Parva ni ibada kabla ya kuwa burudani. Maandamano ya mitungi ni ibada. Katika eneo hili waja wengine hutimiza nadhiri zao kwa kutembea juu ya makaa, kulalia miiba au kuzungushwa hewani wakining'inia kwenye mlingoti. Hayo tazama kwa mbali na kwa adabu, au usiyatazame, upendavyo. Vua viatu pale wenyeji wanapovua. Usimguse mja aliyebeba mtungi, wala usikatize mbele yake.

Nitafikaje huko?

Kwa treni, kituo kikuu cha kufikia Seraikela ni Tatanagar, mjini Jamshedpur, kwenye njia ya reli ya kutoka Howrah (Kolkata) kwenda Mumbai. Kutoka hapo hadi Seraikela ni kama kilomita 40 kwa basi au teksi. Kwa ndege, Kolkata ndio uwanja wa uhakika zaidi. Ranchi nayo ina uwanja wa ndani ya nchi. Mji wa Purulia una kituo chake cha treni, na kutoka hapo unakodi gari kuelekea Baghmundi na Charida. Baripada hufikiwa kwa barabara kutoka Kolkata au Bhubaneswar.

Anayetoka nyumbani ataomba visa kwanza. Ya kielektroniki huombwa kwenye tovuti rasmi ya serikali ya India, na ujihadhari na tovuti za madalali zinazofanana nayo. Wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo, huulizwa cheti cha chanjo uwanjani. Kibebe mkononi, usikiweke kwenye begi lililopakiwa.

Vyumba vya kulala ni vichache Seraikela kwenyewe. Wengi hulala Jamshedpur na kurudi usiku wa manane, kwa hiyo patana na dereva mapema kuhusu saa ya kurudi, na umwambie wazi kwamba ngoma haina saa ya kuisha.

Hali ya hewa ikoje?

Mchana ni joto kali, mara nyingi zaidi ya nyuzi 40. Usiku huwa afadhali. Aprili ni msimu wa *kalbaisakhi*, dhoruba za jioni zinazokuja ghafla na upepo, radi na mvua kubwa ya muda mfupi. Beba maji, kofia, na kitu cha kutandika chini.

Nitakaa wapi, na kuna kiingilio?

Vijijini hakuna tiketi wala viti. Watu hukaa chini kuzunguka uwanja, watoto mbele, wanawake upande mmoja mara nyingi, na kuna njia iliyoachwa wazi kwa wachezaji kuingilia. Usikae kwenye njia hiyo, hata kama inaonekana ndiyo nafasi nzuri iliyobaki. Simba wa Durga hapunguzi mwendo. Kwenye sherehe za mjini huwa kuna jukwaa, taa na hotuba za viongozi.

Ukiwa na usiku mmoja tu, ninakusihi uutumie kijijini. Jukwaani ngoma hupunguzwa urefu, dhumsa huwekewa kipaza sauti isichokihitaji, na mchezaji hutazama upande mmoja tu. Uwanjani anazungukwa, kama alivyozungukwa askari wa akhada.

Naweza kupiga picha?

Ngoma, ndiyo, ila zima mwanga wa kamera. Aliyevaa kinyago cha Purulia anaona kupitia vitobo viwili vidogo, na mwanga mkali ukimpiga wakati yuko hewani, hajui ardhi iko wapi. Nyuma ya uwanja, wanakovalia, omba ruhusa. Pale utamwona mchezaji aliyetoka kucheza akivuliwa kinyago na wenzake wawili, uso umelowa jasho, alama za kamba zimekata mashavu, mdomo wazi akitafuta hewa. Wengi hawapendi kupigwa picha wakiwa hivyo. Mimi niliweka simu mfukoni, nikampa maji.

Nataka kununua kinyago. Nifanyeje?

Nunua Charida, kwa fundi mwenyewe. Bei hupatanwa, lakini kumbuka zile saa za taji. Vinyago vidogo vya kutundika ukutani husafirika kirahisi. Kikubwa kinahitaji boksi gumu na nguo za kuzungushia. Changu cha kwanza nilikipakia na mizigo ya ndege, kikafika pua imepasuka na manyoya yamevunjika. Cha pili nilikishika mapajani hadi nyumbani. Na usikiweke penye unyevu, maana ndani ni karatasi na udongo.

India ina ngoma nyingine za namna hii?

Zipo sanaa kadhaa za mapigano zenye sura ya ngoma. Kerala wana *kalaripayattu*, ambayo mazoezi yake yamewalea wachezaji wa Kathakali, ngoma ya maigizo ya huko. Manipur wana *thang-ta*, upanga na mkuki. Masingasinga wana *gatka*, na huionyesha kila mwaka kwenye Hola Mohalla huko Anandpur Sahib, Punjab, sherehe iliyoanzishwa na Guru Gobind Singh mwaka 1701. Kila moja inastahili safari yake. Ukilinganisha Kathakali na Chhau utaona jambo la kuvutia: zote mbili zimelelewa na mazoezi ya vita, ila Kathakali imeupa uso kazi yote, kope kwa kope, na Chhau imeufunika.

Sijui Kihindi, Kibengali wala Kiodia. Nitaelewa kitu?

Utaelewa, kwa sababu hakuna maneno ya mchezaji ya kukupita. Inasaidia kujua visa viwili vitatu kabla. Kimoja ni cha Abhimanyu, mwana wa Arjuna, shujaa wa Mahabharata. Akiwa tumboni mwa mama yake alimsikia baba akieleza namna ya kuingia kwenye mpango wa jeshi uliozungushwa kama gurudumu, lakini mama akapitiwa na usingizi kabla baba hajaeleza namna ya kutoka. Kijana akaingia vitani akiwa anajua njia ya kuingia tu. Purulia huonyesha wapiganaji wakimzunguka, duara likifinywa, naye akiruka juu zaidi kila linapofinywa.

Kingine ni cha Seraikela, kulungu aliyepigwa mshale. Hakuna mwindaji uwanjani. Yupo kulungu peke yake, na mshale usioonekana. Usiuangalie uso, kwa kuwa kinyago hakibadiliki. Tazama goti la mguu wa nyuma. Linatetemeka, linakaza, linataka kukimbia, linashindwa, na zumari linabaki limeshika sauti moja mpaka goti linapogusa ardhi.